Mwanangu, binti yako hadeki

Tanga, Jumapili baada ya alasiri

Mwanangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Mimi mzima, magoti tu ndiyo yananisumbua baridi hii. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Unasema tangu mjukuu wangu aingie kidato cha kwanza, kila Jumapili usiku tumbo linamsokota, na Jumatatu alfajiri anatapika, mikono ya baridi, pumzi fupi fupi. Ikifika saa nne, gari la shule limeshakwenda zake, anakula chapati mbili na kucheka na mdogo wake. Umempima malaria, taifodi na mkojo, hakuna kilichoonekana. Mama yake anataka abaki nyumbani mpaka atulie. Wewe fimbo hujaishika, lakini naisikia kwenye sauti yako. Ukaniuliza: "Mama, huyu anaumwa au anadeka? Nimbembeleze au nimkazie?"

Nakujibu kwa barua kwa sababu kwenye simu ungenikatiza nikifika kwenye yanayokuhusu wewe.

Anaumwa. Chapati za saa nne si ushahidi kwamba saa kumi na moja alikuwa anaigiza. Ndani ya ubongo kuna kisehemu kidogo chenye umbo la lozi, kazi yake kupiga kengele ya hatari, nacho hakingoji kuthibitisha. Kikishtuka, adrenalini inamwagika mwilini, moyo unakwenda mbio, damu inapungua tumboni na kukimbilia misuli ya miguu, kana kwamba chui yuko mlangoni. Ndipo tumbo linaposokota na kichefuchefu kupanda. Chui akiondoka, yaani gari la shule likiondoka, tumbo linarudi kwenye kazi yake na njaa inauma. Na ile sehemu ya mbele ya ubongo, inayoweza kusema "tulia, hili ni darasa tu", huendelea kukomaa mpaka mtu apite miaka ishirini. Binti wa miaka 14 ana kengele kamili, lakini mlinzi wa kuizima bado anajifunza kazi.

Sisi wauguzi wa zamani tulisimuliwa habari za Kashasha, kule Bukoba. Januari 1962 wasichana wa shule ile ya bweni walianza kucheka na kulia bila kujizuia, wengine kwa saa, wengine kwa siku. Kati ya wanafunzi 159, walishikwa 95, na mwezi Machi shule ikafungwa. Madaktari walipima damu, wakachunguza na chakula, hawakuona sumu wala kijidudu. Watu wengi huisimulia kama kichekesho. Mimi huwafikiria wale mabinti, mbali na mama zao, na mwili ukisema kile ambacho mdomo haukuruhusiwa kukisema.

Juzi nilimpigia mke mwenzangu, yaani huyu mjukuu wangu mwenyewe. Tulizungumza habari za paka kwa muda mrefu kabla hajaniambia. Wiki ya pili ya shule alisimamishwa asome kwa Kiingereza, akatamka neno vibaya, darasa zima likaangua kicheko, naye akabaki amesimama mpaka kipindi kikaisha. Kipindi cha kwanza cha Jumatatu ni Kiingereza. Wewe ulijua? Ulimuuliza panauma wapi, hukumuuliza unaogopa nini. Mtoto huyu amesoma miaka saba kwa Kiswahili, akiongoza darasa, halafu Januari moja Biolojia, Hisabati na Jiografia zote zikageuka Kiingereza. Wako wengi wanaonyamaza tangu siku hiyo, nasi tunawaita wazito.

Lakini kabla hujamtibu woga, hakikisha hakuna mtu wa kuogopwa kweli. Mwalimu anayemshika, konda anayemsumbua, ndugu anayeingia chumbani, wanafunzi wanaomnyang'anya. Mimi nimemuuliza akasema hakuna. Muulize tena, safari hii mkiwa ndani ya gari, macho yenu yote mbele barabarani. Watoto husema yale wasiyoweza kuyasema wakitazamwa usoni. Na daktari amwangalie upungufu wa damu na tezi ya shingo, maana navyo huweza kuupeleka moyo mbio. Zile soda za kuongeza nguvu anazokunywa akijisomea usiku ziondoe leo hii. Alale mapema pia, mtoto wa umri wake anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10.

Kuogopa kwenyewe si ugonjwa. Woga wa mtihani ndio uliokuamsha wewe usiku kusoma. Unakuwa ugonjwa unapodumu miezi na kuanza kumega maisha. Ameacha netiboli. Ameacha kaswida, yeye aliyekuwa akitangulia sauti. Chakula cha shuleni hali. Hapo si haya ya kawaida tena. Shirika la Afya Duniani linasema katika kila vijana 7 wa miaka 10 hadi 19, mmoja ana tatizo la afya ya akili, na kwamba theluthi moja ya matatizo hayo huanza kabla ya kufika miaka 14. Kwa hiyo usikae ukitafuta nani amemfanyia kitu. Najua watakujia wa kusema amerogwa. Neno lenyewe, wasiwasi, limetoka kwenye Kiarabu, maana yake mnong'ono, na watu wakilisikia hukimbilia shetani na jini. Dua mimi namsomea kila alfajiri, wala sitaacha. Ila usimpeleke kwa mtu atakayemwambia kuna kitu kimemkalia, maana utamwongezea hofu ya pili juu ya ile ya kwanza.

Sasa nije kwako.

Ulipokuwa kidato cha pili, bweni, zikibaki siku mbili shule ifunguliwe ulikuwa hulali. Tumbo hilohilo. Mimi, muuguzi, nikakumezesha klorokwini mara tatu katika likizo mbili, na kwenye hadubini hakuonekana mdudu hata mmoja. Ulijikuna usiku kucha kwa dawa ya ugonjwa usiokuwa nao. Matroni wa shule aliandika kwamba wewe ni mtegaji, nami nikamwamini nusu. Baadaye baba yako akakuhamishia shule ya kutwa hapa jirani, tumbo likapona siku ileile, tukasema alhamdulillahi. Nilidhani umepona. Kumbe ulikuwa umekwepa. Ulipotakiwa useme maneno mawili kwenye harusi ya dada yako ulitoka ukisema umepigiwa simu ya kazini. Nilikufuata. Nilikuona nyuma ya jiko umeegemea ukuta, kanzu imelowa jasho, nikarudi ndani bila kukuita. Miaka yote hii sijapata siku ya kukuambia kwamba nilikuona. Nisamehe, mwanangu. Nilikuwa na elimu ya kukutambua, nikaona aibu.

Kwa hiyo mke wako akitaka abaki nyumbani, namwelewa, ndicho nilichokufanyia. Kila siku anayobaki, ile kengele hujifunza kwamba kweli kulikuwa na chui, na Jumatatu inayofuata italia zaidi. Nawe ukimburura kwa nguvu, utamfundisha kwamba hata nyumbani hana pa kushika. Woga huu hutibiwa kwa kuukaribia kidogo kidogo, pamoja na mtu, kwa hatua alizokubali mwenyewe. Hofu hupanda kama maji ya bamvua, ikifika juu hushuka yenyewe. Akitoroka wakati maji yanajaa, hatajua kamwe kwamba maji hupwa.

Tumeanza kupanga ngazi zake. Wiki hii ananitumia mimi ujumbe wa sauti, amesoma aya moja ya Kiingereza, kila jioni. Siusahihishi. Baada ya hapo atawasomea ninyi mezani, mdogo wake akiwepo, na hapo ndipo nataka umkanye mdogo wake kabla hajafungua mdomo. Kisha atamsomea mwalimu peke yake, chumba cha walimu. Halafu darasani, sentensi moja, ambayo mwalimu amemwonyesha tangu jana yake. Haruki ngazi, wala hahamii nyingine mpaka ile aliyopo imeanza kumchosha. Nenda shuleni wewe mwenyewe ukazungumze na mwalimu wa malezi na mwalimu wa Kiingereza. Usimtume mama yake. Wakuone baba.

Alfajiri akianza kutetemeka usimwambie "usiogope", neno hilo halijawahi kumtuliza mtu. Mwambie, "Naona kengele imelia, nipo." Avute pumzi polepole kwa pua, aitoe kwa muda mrefu kuliko alivyoivuta, mara kumi hivi. Atakuuliza, "Baba, wakinicheka je?" Mjibu mara moja, vizuri. Akiuliza mara ya saba usimjibu tena, mrudishie: "Wewe unaonaje?" Ukimtuliza kila dakika atashindwa kujituliza.

Ikipita miezi miwili bila nafuu, au ukiona mapema kwamba inazidi, mpeleke hospitali ya rufaa ya mkoa, au Muhimbili, ulizia kliniki ya afya ya akili. Najua litakalokujia kichwani ni Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dodoma, na watu watakavyosema. Waache waseme. Huko atakutana na mtu wa kumpa tiba ya mazungumzo, hiihii ya ngazi, kwa ufundi kuliko wangu. Utafiti mkubwa uliochapishwa Marekani mwaka 2008 uliwafuata watoto 488 wa miaka 7 hadi 17 wenye maradhi ya wasiwasi. Waliopewa tiba ya mazungumzo pamoja na dawa ya setralini, 8 katika kila 10 walipata nafuu kubwa. Mazungumzo peke yake 6, dawa peke yake zaidi kidogo ya 5, na vidonge visivyo na dawa ndani 2 na ushei. Kwa hiyo daktari akisema dawa, usiruke ukidhani anamtia wazimu. Ujue tu kwamba dawa hizo huchukua wiki kadhaa kuonekana kazi yake, haziachwi ghafla, na wiki za mwanzo mnakaa naye karibu, kwani kwa vijana wachache huweza kuleta mawazo ya kujidhuru. Ila diazepamu ya duka la dawa, anayokuambia jirani "mpe nusu alale", naikataza kwa nguvu zangu zote. Hutuliza leo, na upesi mtu hawezi tena kuiacha.

Na umuulize waziwazi kama amewahi kutamani kufa. Najua ni swali zito kwa baba. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Akikubali, hiyo si ya kungoja miezi miwili, ni hospitali siku hiyohiyo. Mpe pia namba 116, simu ya watoto, haina malipo, aiandike kwenye daftari lake asilazimike kukuomba.

Lililonipa moyo kuliko yote limetoka Kenya. Wanaliita Shamiri. Vijana waliomaliza sekondari juzijuzi, wala si madaktari, walikaa na wanafunzi kwa vikundi, saa moja kwa wiki, wiki nne tu, wakizungumza kwamba mtu hubadilika, kwamba kuna ya kushukuru, na nini wanakithamini maishani. Katika utafiti wa wanafunzi 413 uliotoka mwaka 2021, wasiwasi na sonona vilipungua kuliko kwa wenzao waliofundishwa mbinu za kujisomea. Nimelisoma mara nyingi kwa sababu linasema kijana husikia sana kwa aliyepita njia ileile majuzi.

Ndiyo maana nakuomba jambo moja kabla sijafika. Mweleze habari ya bweni. Mweleze klorokwini, mweleze na harusi. Hajui kwamba baba yake, mwenye sauti nzito, mikono yake nayo hupoa. Mimi siwezi kumsimulia kwa niaba yako.

Ijumaa napanda basi la asubuhi, jioni nitakuwa kwenu. Niwekee kitanda chumbani kwake. Jumapili baada ya isha atatusomea mezani, na akimaliza yeye, utasoma wewe.

Mama yako