Miwani ya uhalisia pepe wakati wa kusafishwa kidonda

Dada, umeuliza kama miwani ya uhalisia pepe, inayomwonyesha mvaaji mchezo wa kompyuta kana kwamba yumo ndani yake, itamsaidia mwanao anayelia kila akibadilishiwa bandeji ya jeraha la moto. Poleni sana. Ndiyo, huwasaidia wengi: akili ikizama mchezoni, hubaki na nafasi ndogo ya kuyasikiliza maumivu. Hunter Hoffman na David Patterson wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, waliitumia kwa wagonjwa walioungua, ambao mchezoni walirusha mipira ya theluji katika dunia ya barafu. Lakini dawa ya maumivu isiachwe kabisa! Avae miwani kabla muuguzi hajagusa kidonda, na acheze mwenyewe, asitazame tu. Kama ana kifafa, mwambie daktari kwanza. Akisikia kichefuchefu, mvue mara moja.