Nina stori inaniuma lakini sijui kuandika skripti, nianzie wapi?

SWALI: Shikamoo dada. Naishi Mbagala Rangi Tatu, nina miaka 22, sijasomea filamu popote. Nina stori inanikosesha usingizi, ni ya mama karanga anayenunua samaki soko la Feri na kuja kuwakaanga huku kwetu, akaingia mkopo wa kausha damu, ile ya riba kubwa mnayokopa kikundi na kudhaminiana, ili amlipie mwanae ada ya kidato cha pili, mambo yakamzidi, mwisho wakaja kubeba kila kitu. Sehemu kubwa ni maisha ya mama yangu. Nimejaza daftari zima ila sio skripti, ni maelezo tu, nimekutumia picha za kurasa zake. Wengine wananiambia bila laptop na programu ya kulipia siwezi. Skripti inapangwaje, nianzie wapi, na nikimpelekea prodyuza si ataniibia wazo?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Daftari hilo litunze vizuri sana, ila usikae kesho ukaanza kuligeuza skripti ukurasa kwa ukurasa, utachoka ukiwa kwenye utoto wa mama na utaacha.

Ulichonacho ni mtu unayemjua na jambo linalokuuma, na hiyo ni mali kwelikweli, maana napokea skripti nyingi zimepangwa safi kabisa lakini ndani hamna mtu. Ila bado haijawa stori ya filamu. Nimesoma maelezo yako, mama anakopa, anaumwa, biashara inayumba, wanakuja, wanabeba, analia. Yaani kila kitu anafanyiwa, yeye mwenyewe hafanyi kitu. Mtazamaji atamwonea huruma dakika tano za kwanza, baada ya hapo atashika simu yake. Tunamfuata mtu kwa sababu anataka kitu, ana muda mdogo wa kukipata, kuna anayemzuia, na kila njia aliyonayo ina gharama.

Kwahiyo kabla ya fomati, kabla ya laptop, andika sentensi moja tu. Nakupa ya kwangu kutokana na daftari lako, wewe utaandika yako: Mama karanga wa Mbagala ana mpaka saa kumi jioni kupata laki moja na nusu ya rejesho, la sivyo wanakikundi wenzake watakuja kubeba friji anayotunzia samaki, na hela pekee iliyopo ndani ni ada ya mwanae. Umeona hapo? Sasa ana la kufanya. Akigusa ada anamuumiza mtoto, asipogusa biashara inakufa na ada nyingine haitapatikana. Tena tumepata siku moja badala ya miaka sita uliyoijaza kwenye daftari. Hiyo siku moja ndo filamu yako ya kwanza, fupi, dakika kumi, kurasa kama kumi. Najua unatamani filamu nzima ya saa moja na nusu na nakuelewa, ila filamu ndefu ni kurasa 90 mpaka 110, na mtu ambaye hajawahi kumaliza kurasa kumi huwa anakwama katikati, halafu anajiona hana kipaji kumbe alibeba mzigo mkubwa mapema.

Kabla sijasahau, hiyo ada ya kidato cha pili. Shule za serikali elimu ni bila ada mpaka kidato cha nne tangu 2016, na mpaka cha sita tangu 2022. Mtazamaji wa Mbagala atakukamata hapohapo na hatakuamini tena mpaka mwisho. Mpeleke binti chuo cha kati, tuseme anasomea uuguzi, au sema wazi ni shule ya binafsi. Vitu kama hivi vikague vyote, rejesho linakusanywa siku gani, nani anashika daftari la kikundi, samaki wa mnadani alfajiri bei yao inakuwaje na jioni inakuwaje. Wewe umelelewa humo ndani, mimi ningehitaji miezi kuvijua.

Sasa upangaji wa skripti. Kila sini, yaani kipande cha stori kinachotokea mahali pamoja kwa muda mmoja, ina kichwa chake: ndani au nje, mahali, na muda. Ukibadilisha mahali au muda, hiyo ni sini nyingine na inataka kichwa kipya. Chini yake unaandika vitendo, kwa wakati uliopo, na unaandika kinachoonekana na kinachosikika TU. Mhusika akitokea mara ya kwanza jina lake liwe herufi kubwa na umri pembeni. Akiongea, jina linakaa katikati ya ukurasa na maneno yake chini yake. Herufi ni Courier saizi 12, na sababu yake ni kwamba ukipanga hivyo ukurasa mmoja unakaribia dakika moja kwenye skrini, ndo maana prodyuza akishika skripti cha kwanza anaangalia namba ya ukurasa wa mwisho. Kuna wanaoandika INT na EXT za Kiingereza na kuna wanaoandika NDANI na NJE, zote zinaeleweka, chagua moja uende nayo mpaka mwisho.

Hiyo kanuni ya kuandika kinachoonekana ndo inawashinda wengi na nataka tukae hapo kidogo. Kwenye daftari umeandika "Mama alikuwa na mawazo sana kuhusu lile deni na roho ilimsuta kugusa hela ya mwanae." Sentensi nzuri, kwenye riwaya ingekaa. Lakini mpe mtu wa kamera hiyo sentensi, ataelekeza lenzi wapi? Mawazo hayapigwi picha. Inabidi utafute mikono ya mama inafanya nini akiwa na hayo mawazo. Angalia:

NDANI. CHUMBA CHA MAMA ASHA – ALFAJIRI

Giza. Mwanga wa simu ndogo sakafuni. MAMA ASHA (45) amepiga magoti mbele ya kabati. Anatoa bahasha ndani ya kopo la maziwa. Anahesabu noti. Anazirudisha. Anakaa. Anazitoa tena.

Nyuma yake, kwenye mkeka, ASHA (19) amefumbua macho. Hasogei.

MAMA ASHA
Umeamka?

Asha anafumba macho.

Hamna mtu aliyesema deni, hamna aliyesema roho inamsuta, na umeelewa vyote. Tena umepata zaidi ya ulichokuwa nacho, kwa sababu sasa binti anajua na mama hajui kwamba anajua, na hiyo siri itakubeba sini tatu mbele bila kusukuma. Fanya hivi kwa kila sentensi ya daftari yenye neno kama alihisi, alikumbuka, alijuta. Utatumia wiki nzima na ni sawa kabisa, hiyo ndo kazi yenyewe.

Dayalogi, yaani maneno wanayosemezana wahusika, nayo ni hivyohivyo. Watu wetu hawasemi jambo moja kwa moja, hasa la hela. Kwenye maelezo yako wanakikundi wanafika mlangoni wanapiga kelele "lipa deni letu". Kumbuka wanavyokuja kweli. Wanabisha hodi, wanaulizia watoto, wanaambiwa karibuni, mmoja anasema "shoga tumepita tu kukujulia hali", na wakati anasema hivyo mwenzake ameshasogea karibu na friji anaangalia waya umechomekwa wapi. Mtazamaji wa hapa Dar atapata baridi kuliko kelele yoyote. Ukimaliza kuandika soma kwa sauti, au mpe ndugu yako asome sehemu ya mama na wewe usome ya shoga, ukiona ulimi unagoma ujue hayo sio maneno ya mtu anayeongea.

Kingine, naomba unisikilize hapa hata kama inauma. Yule dada ofisa wa mkopo umemwandika kama shetani. Nakuelewa, ni mama yako. Lakini mpe na yeye sababu. Labda kikundi kisipolipa na yeye mshahara unakatwa, labda ana rejesho lake mahali pengine, labda anampenda mama Asha na kila siku anakula samaki wake. Mtu mwenye sababu anatisha zaidi, maana hatumtoi kwa neno moja, na mama yako ataonekana mkubwa zaidi akipambana na mtu kamili kuliko akipambana na kikaragosi. Na kabla hujaendelea zungumza na mama mwenyewe, mwambie unaandika nini, umuulize kipi hataki kionekane. Badili majina na mtaa, wanakikundi wenzake bado ni majirani zenu.

Andika pia ukijua kuna mtu atalipia kila mstari. Sini ndani ya daladala linalotembea inataka gari la kukodi, dereva, abiria wa kulipwa na siku nzima. Feri iko jirani na Ikulu, huwezi tu kutokea pale na kamera. Kupiga filamu kunataka kibali cha Bodi ya Filamu na skripti yako inakwenda na maombi, kwahiyo itasomwa na watu wengi kabla ya mwigizaji. Kwa dakika kumi jibane: chumba, uani, jiko la kukaangia, mlangoni. Feri tunaweza kuisikia tu, mama yuko na simu sikioni, dalali anapiga mnada upande wa pili, bei inapanda na yeye ameshika bahasha. Haina gharama na pengine ina nguvu kuliko kwenda.

Laptop sio lazima. Google Docs ipo kwenye simu, ina Courier, andika hapo kwa utaratibu niliokupa. Ukipata kompyuta hata ya kuazima, Trelby ni bure, na WriterDuet unaanza nayo bure, zinakupangia zenyewe. Final Draft ni ya kulipia na sasa hivi haikuhusu. Prodyuza utamtumia PDF, hajui uliandikia nini. Kusoma skripti za watu wengine kutakusaidia kuliko programu yoyote, kwahiyo omba hata kushika skripti tu wakati wa mazoezi kwenye kikundi cha maigizo hapo mtaani, utaona waigizaji wanakwama mistari ipi.

Suala la kuibiwa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 hailindi wazo, inalinda ulivyolieleza wazo. Stori ya mama na kausha damu kila mtu anaweza kuandika, lakini ile sini ya bahasha na mkeka ikishaandikwa ni ya aliyeiandika. Kwahiyo ulinzi wako wa kwanza ni kumaliza, mtu mwenye wazo la mdomo hana cha kudai popote. Ukimaliza isajili COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, sio kwamba bila usajili huna haki, ila siku ya ubishi utakuwa na karatasi mkononi. Tuma kwa barua pepe ili tarehe ibaki, usitume sauti za WhatsApp za dakika saba ukisimulia stori nzima. Anza na ile sentensi moja na muhtasari wa ukurasa mmoja, akitaka zaidi ndo umpe skripti.

Akisema anainunua, yaandikwe: anachukua nini, filamu hii moja au na tamthilia yake pia, analipa kiasi gani na lini, jina lako linakaa wapi kwenye skrini. Na weka kifungu kwamba asipoipiga ndani ya muda mliokubaliana, mwaka mmoja au miwili, haki zinarudi kwako. Hicho wengi wanakisahau, skripti inakaa kwenye droo ya mtu na mwandishi hawezi kuipeleka kwingine.