Kwa mdau anayehamia Malta: sikukuu za kule mwaka mzima, nilivyoziishi mimi

Mdau umesema umepata kazi ya kutunza wazee Malta, unafika mwishoni mwa Januari, ukauliza sikukuu za kule zikoje na je mgeni anaingia au ni za wenyewe tu. Mimi nimefika kule 2018, kazi ni hiyo hiyo, na muda mwingi nimekaa mji wa Ħal Qormi (hiyo q haisikiki, utasikia kama "Hal Ormi"), kwa hiyo naomba nikujibu kwa urefu kidogo. Jibu fupi ni ndiyo, unaingia, ila usisubiri kualikwa maana sikukuu zao ziko barabarani, wewe ni kutoka nje tu.

Kwanza jambo ambalo mimi hakuna aliyeniambia. Kimalta kimetokana na Kiarabu, waarabu walitawala visiwa vile kuanzia 870 hadi wanormani walipoingia 1091, halafu watu wakawa wakatoliki wa kufa na kupona lakini lugha ikabaki. Sasa mimi nimekulia Tanga, nyumba hii Krismasi nyumba ya pili Maulidi, nikafika kule nikawa nasikia vitu vya nyumbani kwenye midomo ya watu wa kanisani. Mungu wanamuita Alla. Kwaresima wanaiita Randan, na ni Ramadhani hiyo hiyo mdau, neno limehamia tu kwenye mfungo mwingine. Pasaka ni l-Għid, ukisikia inavyotamkwa ni Idi kabisa. Krismasi ni Milied, ndugu wa damu wa Maulidi yetu. Na Ijumaa Kuu ni il-Ġimgħa l-Kbira, yaani Ijumaa Kubwa, neno kwa neno kama tunavyosema sisi! Siku nimeligundua hilo nilikuwa namlisha uji bibi niliyekuwa namtunza, kila mtu wa nyumba ile alimuita Nanna, yaani bibi, nikamwambia kwetu tunasema Ijumaa Kuu, akanishika mkono akanirudishia mara tatu, "ijuma kuu, ijuma kuu". Kuanzia siku ile nikawa mtu wa pale, siyo mfanyakazi tu.

Haya, ukifika mwishoni mwa Januari sikukuu yako ya kwanza itakuwa tarehe 10 Februari, kuvunjika kwa merikebu ya Mtakatifu Paulo. Ile habari ya Matendo ya Mitume sura ya 28, merikebu inavunjika, wenyeji wanawawashia moto maana ilikuwa mvua na baridi, nyoka anamng'ata Paulo na hadhuriki, kisiwa chenyewe ndicho hicho. Nenda Valletta (wenyewe wanaiita il-Belt, mjini), utaona sanamu ya Paulo inabebwa mabegani na watu kwenye barabara nyembamba, huku juu kwenye roshani za mbao watu wanamwaga karatasi zilizokatwakatwa, zinashuka kama mvua mpaka barabara haionekani. Vaa koti, Februari kuna upepo unaopenya mifupa.

Halafu inakuja karnivali, siku 5 kabla ya Jumatano ya Majivu. Valletta ni magari ya mapambo na watoto waliovalishwa, nzuri kwa familia. Ila kule Gozo, kisiwa cha pili cha nchi ile, kijiji cha Nadur, ni kitu kingine, hakuna mpangilio, watu wanajifunika uso mzima na wengine hawatoi hata sauti ili wasijulikane ni nani, unasimamishwa na mtu amevaa shuka anakuangalia tu. Mimi sikukipenda sana nakwambia ukweli, lakini rafiki zangu wawili hawakosi kila mwaka.

Kwenye Randan sasa ndipo utaona chakula kinabadilika. Kuna biskuti ndefu inaitwa kwareżimal, ya lozi na unga, haina yai wala mafuta kwa sababu ya mfungo, inapakwa asali juu. Tarehe 19 Machi katikati ya mfungo kuna Mtakatifu Yosefu, wanapumua siku moja, wanakula żeppoli zile za jibini laini ndani.

Wiki takatifu naomba nikae hapo kidogo maana ndiyo sehemu ambayo mimi imenishika roho. Alhamisi Kuu jioni watu wanatembelea makanisa 7, kwa miguu, familia nzima na vikongwe vyao, na njiani wanauza mkate wa duara wenye lozi juu, mkate wa mitume wanauita. Qormi ni mji wa waokaji tangu zamani kwa hiyo usiku ule harufu ya mkate inakufuata mpaka kitandani. Baada ya hapo kengele zinanyamaza kisiwa kizima mpaka mkesha wa Pasaka, badala yake wanagonga kifaa cha mbao, ċuqlajta, kinakereza kama mtu anavunja kuni, na ukimya unaobaki katikati ya mikwaruzo ile ni mzito kweli.

Ijumaa Kuu yenyewe maandamano yanatoka kwenye miji mingi, sanamu za mateso zinabebwa moja moja, askari wa kirumi wamevaa kamili, bendi inapiga nyimbo za msiba. Mara yangu ya kwanza nilisimama mbele kabisa na Nanna kwenye kiti chake cha magurudumu. Kabla sijaona kitu nikasikia chuma kinaburuzwa kwenye mawe. Wakapita wanaume wamevaa kanzu nyeupe na kofia iliyofunika uso mpaka shingoni, matundu mawili tu ya macho, miguuni wamefungwa minyororo, na mmoja alikuwa peku, kisigino kimechubuka, anavuta hatua moja anapumzika, anavuta nyingine. Hakuna anayejua ni nani maana ni nadhiri yake na Mungu wake. Nanna akanong'ona kwamba marehemu mume wake aliwahi kuvuta minyororo ile mwaka ambao mtoto wao aliumwa, na yeye alimjua kwa miguu yake tu. Sijawahi kusahau.

Jumapili inakuwa kinyume kabisa. Kule miji ya Birgu na Bormla sanamu ya Yesu mfufuka inabebwa halafu kufika mahali wabebaji WANAKIMBIA nayo, ile sanamu nzito, bendi inalipuka, watu wanapiga makofi wanalia. Watoto wanakuja na figolli zao zibarikiwe, figolla ni keki bapa iliyokatwa kwa umbo la samaki au kondoo au moyo, ndani katikati ya tabaka mbili kuna lozi iliyosagwa inaitwa intrita, juu sukari ya rangi. Ukialikwa kutengeneza usikatae. Sisi tulizifanya wiki nzima jikoni, Nanna mikono ilikuwa inatetemeka lakini kile kibati cha umbo la samaki alikuwa hamwachii mtu, anakandamiza mwenyewe, mimi kazi yangu kukwaruzia maganda ya limao kwenye unga, na ya kwanza kutoka kwenye oveni akasema ni ya mama yangu Tanga. Niliituma kwa mtu aliyekuwa anakwenda Dar, ikafika imevunjika mkia tu.

Kiangazi sasa, hapa ndipo moyo wa Malta ulipo mdau. Kila parokia ina sikukuu ya somo wake, yaani mtakatifu msimamizi, wanaiita festa, na zinafuatana wiki kwa wiki kuanzia baada ya Pasaka mpaka Septemba huko, na visiwa vyote vile kwa pamoja ni kilomita za mraba kama 316 tu, Unguja peke yake inavizidi zaidi ya mara 5. Kwa hiyo wikendi yoyote ya Julai popote ulipo unasikia bendi ya mtu. Mwaka 2023 UNESCO waliiingiza festa kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, lakini wenyewe hawakusubiri UNESCO.

Nakuonya jambo moja mapema, saa mbili asubuhi zitapigwa baruti angani, mlio tu, hakuna rangi, dirisha linatikisika. Asubuhi yangu ya kwanza nilishuka ngazi mbio nimebeba pasipoti, na kuna dada wa Sudan jirani yangu alikuwa ameshajifungia bafuni na wanae, maana yeye milio ile anaijua kutokea kwao. Kama unaishi na mtu aliyepitia vita mwambie mapema, tarehe na saa, ni ubinadamu tu.

Jinsi inavyoendeshwa ni kwamba kila mji una klabu ya bendi, każin tal-banda, wakati mwingine mbili zinazoshindana vibaya, na wanachama ndio wanachangishana mwaka mzima, ndio wanaofunga mapambo ya vitambaa barabarani, wengine wanatengeneza fataki wenyewe kwenye viwanda vidogo mashambani, na ajali zimetokea watu wamekufa, hawalifichi hilo. Qormi tuna parokia mbili, ya Mtakatifu Georgi mwezi wa sita na ya Mtakatifu Sebastiani mwezi wa saba, na usije ukamwuliza mtu ipi ni nzuri zaidi. Ushauri wangu chagua ya mtaa unaoishi. Mwaka mmoja nilikwenda tu pale klabuni nikawaambia nina jioni mbili sina shifti, wakanipa ngazi nishike wakati wanafunga taa. Kushika ngazi tu. Tangu hapo nikipita dukani naitwa jina langu. Jumapili usiku sanamu inarudi kanisani, wabebaji wanaenda mbele wanarudi nyuma wanaenda mbele, hawataki kuiingiza maana ikiingia festa imeisha, mabega yamevimba na bado hawataki. Kando wauza qubbajt wanakata vipande kwa nyundo ndogo, ni kama kashata ya lozi na asali, nunua ile nyeusi.

Kati ya hizo kuna Imnarja, tarehe 29 Juni, Petro na Paulo, hiyo ni ya watu wa shamba. Usiku wa kuamkia watu wanajaa kwenye bustani ya Buskett, wanakula sungura, wanaimba għana, ule uimbaji wa kujibizana papo kwa papo, mtu wa pwani ukisikiliza unajikuta umetulia maana malumbano ya namna ile tunayo. Wazee wanasema zamani bibi harusi aliwekewa kwenye mkataba wa ndoa kwamba mume atampeleka Imnarja kila mwaka.

Na tarehe 15 Agosti, Santa Marija, nchi inafungwa, kama una dawa za mgonjwa za kununua nunua kabla. Feri ya Gozo inajaa balaa. Kwa wazee siku hiyo ina kitu cha ziada. Mwaka 1942, kwenye vita ya pili ya dunia, kisiwa kilikuwa kimezingirwa, chakula na mafuta vinakwisha, ukatumwa msafara wa meli 14 za mizigo zikafika 5 tu, na ya mwisho, meli ya mafuta Ohio, iliingia bandarini siku hiyo hiyo ya Santa Marija, imeharibika, inashikiliwa na meli nyingine ubavuni isizame. Nanna alikuwa na miaka 9. Alikuwa anasema alikuwa kwenye ukuta wa bandari begani kwa baba yake, na kwamba watu walishangilia halafu ghafla wakanyamaza walipoona jinsi meli ilivyo.

Sikukuu za taifa ziko 5 na nazipitia haraka, 31 Machi jeshi la Uingereza kuondoka 1979, 7 Juni, 8 Septemba, 21 Septemba uhuru wa 1964, 13 Desemba jamhuri 1974. Ya 8 Septemba nenda bandarini uangalie mashindano ya makasia. Kwa jumla siku za mapumziko ni 14 kwa mwaka, na zinakuhusu! Bosi wangu wa kwanza aliniambia sikukuu ni za wamalta, nikafanya kazi miezi kadhaa bila kulipwa haki yangu, kumbe sheria haichagui mwenyeji na mgeni. Soma mkataba kabla hujasaini, uliza malipo ya sikukuu yameandikwa wapi.

Novemba kuna vitamu vya lozi vyenye umbo la mifupa, għadam tal-mejtin, mifupa ya maiti, na neno maiti nalo umelisikia hapo. Tarehe 11 watoto wanapewa mfuko wa Mtakatifu Martini umejaa lozi, tini na kokwa nyingine zenye ganda gumu, lewż ni lozi, tin ni tini.

Halafu Milied. Kwenye misa ya usiku mtoto mdogo ndiye anayehubiri, amekariri wiki nyingi, kanisa zima limemtolea macho. Ila kabla ya hapo, kama mwanzoni mwa Desemba, nyumba nyingi zinaotesha ġulbiena kwa ajili ya pango la Noeli. Ni mbegu ndogo unazilaza kwenye pamba iliyoloweshwa maji ndani ya sahani, unaziweka kabatini gizani, na kwa sababu hazioni jua zinaota nyeupe, ndefu, laini kama nywele za mzee. Nanna alifariki 2022, na sahani zake tatu wanae walinipa mimi. Mbegu zinauzwa kuanzia Novemba, uliza tu kwa jina hilo, pamba nunua duka la dawa, maji kidogo kila siku mbili, na kabati usilifunguefungue.