Mafuta yalikuwa chini ya miguu yetu

Swali lenu la wiki hii limeuliza iwapo nchi yenye mafuta ipanue kwanza mitambo na mabomba yake, au ilinde kwanza yaliyopo yasishambuliwe. Mimi ni mtu wa Kikwajuni, mjini Unguja, sina kisima wala bomba, lakini jibu lilinitoka papo hapo: ilinde kwanza, kwani haongezi ng'ombe mtu ambaye zizi lake halina mlango.

Kilichonigusa ni mwaka 2008. Tarehe 21 Mei waya wa umeme unaotoka Bara kupitia chini ya bahari uliharibika, na Unguja ikakaa gizani karibu wiki nne, bila ya adui yeyote kutushambulia. Wiki ya pili nilikwenda sheli na dumu la njano la lita 20, nikakuta foleni imeshapinda kona, na madumu yametungwa kwa kamba ili mtu asiruke zamu. Saa tano pampu zikasimama. Mafuta hayakuwa yamekwisha. Jenereta ya sheli ndiyo iliyokufa, na pampu hainyonyi bila umeme. Kijana mmoja akafunua tangi la ardhini, akateremsha kijiti cha kupimia, akakitoa kimelowa hadi juu ya nusu.

"Ami, mafuta haya hapa," akamwambia mzee aliyekuwa mbele yangu, "ila hayapandi."

"Basi mwanangu, tangi lako na kisima changu ni ndugu," akajibu mzee, maana na maji yake yalikuwa chini yakingoja pampu.

Nilikikumbuka kijiti kile tarehe 14 Septemba 2019, mitambo ya mafuta ya Abqaiq na Khurais ilipopigwa kwa makombora na ndege zisizo na rubani, na Saudi Arabia ikapoteza kwa muda mapipa milioni 5.7 kwa siku, karibu nusu ya uzalishaji wake. Visima vya mafuta havikuguswa. Kilichopigwa Abqaiq ni mitambo inayotoa gesi katika mafuta ghafi kabla ya kusafirishwa. Ulinzi wa anga ulikuwapo, lakini haukuzuia shambulio. Wasaudi waliendelea kuwauzia wateja kwa sababu walikuwa na akiba matangini. Vilevile bomba lao la kwenda Yanbu, katika Bahari ya Shamu, na lile la Imarati la kwenda Fujairah, yote mawili ni upanuzi, lakini faida yake kubwa ni kuukwepa mlango mwembamba wa bahari wa Hormuz, njia ya meli za mafuta.

Kwa hiyo naona aibu kidogo kwa mfano wangu wa zizi. Nabadili kauli: wapanue kwanza, ilimradi upanuzi uwe ni njia ya pili na si kuinenepesha ile ya kwanza. Kwetu nasema hivyo hivyo kuhusu Mangapwani, hapa Unguja, palipopangiwa bandari ya mafuta na gesi, kwa sharti kwamba akiba yote isirundikwe huko, Pemba iwe na yake ya kutosha, na kila pampu iwe na namna ya kuzungushwa kwa mkono. Fedha zikipungua, ukuta na walinzi wangoje, ingawa najua jirani wa matangi hayo hatakubaliana nami.