Umbali wenye nishati tuli ndogo kabisa kati ya atomu mbili

Ndugu mwanafunzi wa kidato cha sita hapo Moshi, nimesoma swali lako kwa makini: umepewa U = A/r¹² − B/r⁶, ambapo U ni nishati tuli, r ni umbali kati ya atomu mbili, na A na B ni namba chanya zisizobadilika, utafute umbali wenye nishati ndogo kabisa; ukatofautisha (yaani ukatafuta kasi ya U kubadilika kadiri r inavyobadilika, dU/dr), ukapata r⁶ = −2A/B, jambo lisilowezekana kwa kuwa umbali halisi ukipandishwa kipeo cha sita hauwi hasi. Kosa lako ni la alama tu, nami nimelisahihisha mara nyingi nikifundisha jioni hapa Arusha.

Andika kwanza kila sehemu kwa vipeo hasi, yaani Ar⁻¹² − Br⁻⁶, kisha ndipo utofautishe. Sehemu ya pili ina alama ya kutoa mbele yake na kipeo hasi pia, kwa hiyo inageuka kuwa chanya: dU/dr = −12A/r¹³ + 6B/r⁷. Ukiilinganisha na sifuri utapata r⁶ = 2A/B, na hapo nishati ni −B²/4A.

Usiishie hapo. Tofautisha mara ya pili. Kwenye umbali huo jibu ni 36B/r⁸, ambalo ni chanya, hivyo ni bonde na si kilele. Watahini huitazama hatua hii. Kwa atomu za gesi ya agoni umbali huo unakaribia nanometa 0.38, kwa hiyo ukipata namba iliyo mbali sana na hiyo, kagua vizio vyako.

Fomula hii inafaa atomu zisizo na chaji. Swali likihusu ayoni (atomu zenye chaji) za chumvi, mwone mwalimu wako wa fizikia kabla ya kuitumia.