Kijiti cha Duka

Mama yangu,

Hapa Mbagala hatujambo. Juzi uliniuliza, "Baba, mbele ya ndugu wote ulisema umenikabidhi kijiti cha duka. Mbona kila asubuhi nakukuta Kariakoo umeshafungua?" Mbele ya wateja nilishindwa kukujibu, ndiyo maana naandika.

Kijiti nimekishika kweli. Shuleni nilikimbia mbio za kupokezana, watu wanne, kila mmoja mita mia, mimi wa tatu. Cha mashindano ni bomba jepesi, sentimita 28 hadi 30, gramu 50 au zaidi kidogo. Chetu kilikuwa kipande cha mpini wa jembe, tumekipiga msasa mpaka kikateleza kwa jasho. Anayepokea huanza kukimbia kabla hajakipata: macho mbele, mkono nyuma, kiganja wazi. Anayetoa anapaza sauti, "Shika!" Siku hizi eneo la kupokezania ni mita 30. Ukikitoa nje ya hapo, timu nzima inaondolewa, hata kama mliongoza.

Kifimbo ni kitu kingine. Kifimbo cha Mwalimu Nyerere kilikuwa chake mwenyewe, hakuna aliyetegemea akikabidhi. Kilichokabidhiwa ni urais, mwaka 1985, kwa Mzee Mwinyi. Uenyekiti wa CCM akabaki nao hadi 1990. Wapo waliolalamika. Mimi niliyekimbia naelewa: zipo hatua ambazo mikono miwili hushika kijiti kimoja, na bila hatua hizo kinaanguka.

Lakini hatua hizo zina mstari wa mwisho. Sisi tumekimbia pamoja mwaka na nusu, nao mstari nimeupita nikiwa bado nimeng'ang'ania. Duka nimelishika kama kifimbo changu. Kiganja chako kilikuwa wazi muda wote, mwanangu. Nisamehe.

Funguo zote, pamoja na ya kufuli kubwa la nje, mama yako atakuletea Jumapili. Daftari la madeni liko droo ya chini, chini ya mkasi. Yule fundi cherehani wa ghorofani anadaiwa majora mawili ya kitenge. Usimdai mwezi huu, amefiwa na mkewe. Vitambaa vya shule agiza mapema, Novemba, kabla bei haijapanda.

Jumatatu utafungua wewe. Mimi sitakuja mpaka uniite.

Baba yako