Mjomba wa posta ya Marekani na barua ya bima

SWALI: Habari zenu, mjomba wangu kapiga kazi posta ya Marekani miaka 22, akastaafu mwishoni mwa 2025, sasa karudi Jinja kajenga kabisa. Anatimiza miaka 65, juzi kaletewa barua eti asipochukua Medicare Sehemu B (ile bima ya afya ya serikali ya Marekani, hasa ya wazee, upande wa kulipia madaktari) bima yake ya posta inakatwa, yaani presha imempanda hapohapo. Alipe au asilipe? – Mpwa, Jinja

JIBU: Mpwa, mtulize mzee kwanza. Tangu Januari 2025 watu wa posta kule, wastaafu na walio kazini, wana mpango wao wa bima unaitwa PSHB, na ni kweli mstaafu kama yeye mwenye Sehemu A ya Medicare (ya kulazwa hospitali) akifika 65 kwa kawaida lazima achukue na B ndo abaki na hiyo PSHB. Ila kuna mlango: anayeishi nje ya Marekani halazimishwi, mradi athibitishe anaishi huku, sasa asiifungie barua kwenye droo kama walivyo wazee wetu. Na mi naona ni haki tu, maana Medicare kwa kawaida hailipii matibabu ya nje ya Marekani, si atakuwa analipa kila mwezi afu vidonge vya presha bado ananunua famasi ya mtaani kwa shilingi zake? Baadhi ya bima za PSHB hurudisha hela ya matibabu ya nje, kwa hiyo risiti zote atunze, hata ile ya kupima damu. Akirudi kuishi kule msamaha unaisha, B itamhusu.